Abiria na Hati Yake: Kutoka Bandari ya Unguja hadi Michenzani

Pale Michenzani, katika mji wa Unguja, ndipo zinapokutana barabara kubwa za Ng'ambo. Majumba marefu ya ghorofa yamejipanga kila upande kama mabehewa ya gari la moshi, na katikati umesimama mnara uliojengwa kuwa ukumbusho wa miaka 50 ya Mapinduzi, mwaka 2014. Magari yatokayo Darajani na yale yaendayo mashamba hayana budi kupunguza mwendo mahali hapo. Na popote gari linapopunguza mwendo, ndipo askari anapopata nafasi ya kuinua mkono. Dereva atatoa leseni yake, na jambo hilo halina mjadala. Lakini mtu akitazama viti vya nyuma ataona kitu kingine. Mkono wa abiria nao, kabla hajaulizwa neno, unakwenda mfukoni kutafuta kitambulisho.

Mkono huo una historia yake. Abiria hakushika usukani, gari si lake, wala hakuvunja amri ya njia. Je, analazimika kuonyesha hati ya kumtambulisha kwa sababu tu chombo alichopanda kimesimamishwa? Swali hili laonekana dogo, lakini katika visiwa vya Unguja na Pemba limeulizwa kwa namna nyingi, tangu zamani za majahazi, kabla motokaa haijakanyaga ardhi ya Afrika Mashariki. Nyakati nyingine liliulizwa kwa ajili ya kumlinda abiria. Nyakati nyingine liliulizwa kwa ajili ya kumshuku. Kuzitenganisha nyakati hizo mbili ndiyo njia ya kulielewa.

Kwanza yafaa kutofautisha hati mbili ambazo watu huzichanganya. Leseni ya dereva ni ruhusa ya kufanya kazi fulani. Kuendesha chombo chenye nguvu katika njia ya watu wote ni jambo la hatari, na Serikali imelikataza kwa kila mtu isipokuwa yule aliyejaribiwa akafuzu. Askari amwombapo dereva leseni, haulizi, "Wewe ni nani?" bali auliza, "Je, unayo ruhusa ya kufanya unalolifanya?" Ama kitambulisho ni hati ya namna nyingine. Chenyewe hakimruhusu mtu kufanya jambo. Chaeleza tu kwamba mwenye kukishika ni fulani, mkaazi wa mahali fulani. Na kuketi katika gari ni jambo lisilohitaji ruhusa ya mtu yeyote ila mwenye gari. Abiria, basi, akiulizwa hati, haulizwi juu ya kitendo chake. Aulizwa juu ya nafsi yake.

Mara ya kwanza swali hili lilipowekwa katika sheria za mataifa kwa habari ya abiria wa pwani hii, liliulizwa baharini. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17, Zanzibar yenyewe ikiwa mojawapo, yalikamilisha katika mji wa Brussels mkataba mkuu wa kupambana na biashara ya watumwa. Sehemu moja ya mkataba huo ilihusu vyombo vidogo vya wenyeji, visivyofika tani 500, katika bahari ya Hindi na bahari zinazopakana nayo. Sababu ilikuwa wazi. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa kwa mapatano ya 5 Juni 1873, lakini wafanyabiashara hawakufungika pamoja nalo. Mtumwa aliyekatazwa kuuzwa mchana aliweza kupakiwa jahazini usiku, na chombo kikikamatwa, nahodha akasema kwamba huyo ni baharia wake, au ni msafiri aliyelipa nauli kama wenzake.

Kwa hiyo mkataba ukamtaka nahodha awe na orodha. Mabaharia waandikwe majina yao, na abiria weusi waandikwe vilevile pamoja na alama za kuwatambua. Kabla ya kuondoka bandarini, abiria hao waulizwe na mkuu wa mahali hapo kama wanasafiri kwa hiari yao wenyewe. Watoto wasikubaliwe ila wakiwa na jamaa zao au watu wanaojulikana kwa wema. Chombo kikifika, orodha ilinganishwe na watu wanaoteremka. Afisi ya kimataifa ya kukusanya habari za mambo hayo ikawekwa Zanzibar.

Hapo pana jambo la kuzingatia sana. Hati ile haikuwa mali ya abiria, wala abiria hakuadhibiwa kwa kuikosa. Mzigo wote ulikuwa juu ya nahodha. Aliyeshukiwa alikuwa mwenye chombo, na aliyekuwa akilindwa ni yule aliyeketi ndani yake. Ijapokuwa sheria ilimtenga mtu mweusi peke yake, na kwa hilo ilibeba dharau ya zama zake, swali aliloulizwa lilikuwa swali la kumpa nafasi ya kusema. Aliyekuwa amechukuliwa kwa nguvu aliweza, angalau kwa mujibu wa maandishi, kujibu, "La, sisafiri kwa hiari yangu."

Na bado hati haikuwa dawa ya kila ugonjwa. Manahodha wengine wa Sur, katika nchi ya Oman, walikuwa wamejipatia hati na bendera za Ufaransa, na chini ya bendera hiyo wakaweza kuwakwepa Waingereza waliotaka kuwapekua. Ugomvi huo ulipelekwa mbele ya waamuzi wa mataifa katika mji wa The Hague, nao wakatoa hukumu yao tarehe 8 Agosti 1905. Kisa hicho chatosha kuonyesha kwamba karatasi iliyokusudiwa kufichua yaweza pia kusitiri, na kwamba mwenye hila ndiye anayetangulia kuwa na karatasi safi.

Swali likageuka sura lilipotoka baharini na kupanda nchi kavu. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru wake alitakiwa aende mbele ya mahakama ya wilaya kuomba. Uhuru, basi, haukumfikia nyumbani kama mvua. Aliufuata kwa miguu, akauomba kwa mdomo, akarejea na cheti. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, na hawakuingizwa hadi amri ya mwaka 1909.

Lakini ndani ya amri ya 1897 mlikuwamo sharti zito. Aliyekwisha kupata uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makaazi maalumu na njia ya kujipatia riziki; akishindwa, angehesabiwa kuwa mzururaji. Wakuu wa wakati ule waliogopa kwamba mashamba ya mikarafuu yatakosa wachumaji na kwamba mji utajaa watu wasio na kazi. Kwa hofu hiyo, mtu aliyekuwa jana na bwana wa kumjibia alitakiwa leo ajijibie mwenyewe kwa ushahidi: akaa wapi, afanya kazi gani, nani amjua. Bwana hakuulizwa maswali hayo. Hapo ndipo mzigo uliokuwa juu ya nahodha ulipohamishwa ukawekwa juu ya kichwa cha msafiri.

Wengi wa waliopata uhuru walifanya makaazi yao Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na vibanda vya makuti na udongo. Mkono huo wa bahari umekwisha fukiwa, na mahali pake pana barabara na soko. Lakini jina la Ng'ambo lingali likikumbusha kwamba palikuwa na kuvuka. Michenzani ni sehemu ya Ng'ambo hiyo. Asili ya mtaa huo, kwa hiyo, ni asili ya watu ambao mara nyingi walitakiwa kueleza wanatoka wapi.

Katika miaka hiyohiyo kilikuja Unguja chombo kipya cha abiria. Mnamo mwaka 1905 reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ilianza kuchukua watu kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili kama saba. Abiria wa gari lile la moshi alidaiwa karatasi moja tu, nayo ni tikiti. Tikiti haina jina. Yasema kwamba nauli imelipwa, basi. Na mwenye kuishika, awe Mwarabu, Mhindi, Mshirazi au Mnyamwezi, ana haki ya kiti kwa sababu hiyo na si kwa sababu nyingine. Kwa muda wa miaka michache msafiri wa Unguja aliweza kwenda na kurudi akiwa mtu tu.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa makali zaidi. Huko Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 kuchukua kipande. Humo mliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, na habari za mabwana aliowatumikia. Na wengi walikitia katika kibweta cha bati wakakivaa shingoni. Bila ya kibali cha tajiri wake mtu hakuweza kuacha kazi akaenda zake. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga Harry Thuku, na alipokamatwa, watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi tarehe 16 Machi 1922. Sheria mpya ya mwaka 1947 ilikusudia kuwaandikisha watu wa rangi zote, lakini neno kipande lilikwisha kuingia katika lugha pamoja na uchungu wake. Wazee wa pwani walipolitamka hawakuwa na haja ya kulifasiri.

Vita Kuu ya Pili vilileta hati hata kwa wale waliokuwa wamezoea kuwapa wengine. Katika Unguja chakula kilipopungua, mgao ulifuata kabila la mtu kama lilivyoandikwa, na wale waliohesabiwa kuwa na desturi ya kula mchele walipata mchele, ilhali wengine walipewa nafaka nyingine. Wanahistoria wameeleza jinsi jambo hilo lilivyowafanya watu wafikiri sana juu ya jina la kabila wanalolitaja mbele ya karani. Kwani kujiita Mshirazi au kujiita jina jingine kulikuwa na maana katika sufuria ya jioni. Swali la "Wewe nani?" lilikuwa limeacha kuwa la polisi peke yake, likawa la tumbo.

Uingereza nako, kwa sheria ya mwaka 1939, kila mtu aliandikishwa akapewa kadi, na polisi wakapewa uwezo wa kuitaka. Vita vikaisha mwaka 1945, kadi zisiishe. Tarehe 7 Desemba 1950, katika mtaa wa Finchley, London, askari mmoja alimsimamisha dereva aitwaye Clarence Willcock akamtaka aonyeshe kadi yake ya utambulisho. Willcock akakataa. Kesi ikapanda hadi mbele ya Jaji Mkuu, Lord Goddard, mwaka 1951. Mahakama ikaona kwamba sheria ilikuwa ingali na nguvu, na kwamba Willcock alikosa. Lakini akaachiliwa pasipo adhabu yoyote. Jaji Mkuu akawaonya polisi kwamba kuitumia sheria ya vita kwa kila gari lisimamishwalo wakati wa amani ni kuwageuza raia wema kuwa wakosaji, na kuwafanya wawachukie askari ambao wangependa kuwasaidia. Mwezi wa Februari 1952 kadi hizo zikafutwa.

Kesi hiyo yafaa kutajwa kwa sababu mbili. Willcock alikuwa dereva, wala hakuna aliyemlaumu kwa kuombwa leseni. Alichokipinga ni kadi ya nafsi yake. Tofauti ileile ya hati mbili ikajitokeza kwa mtu mmoja. Na la pili, watawala walioona uzito wa kadi hiyo kwao, walikuwa bado wakizitawala nchi ambamo hati za namna hiyo, na nzito kuliko hiyo, zilihesabiwa kuwa jambo la kawaida kwa wengine.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliiondoa serikali ya Sultani, na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Ndipo Ng'ambo ilipobadilika sura. Vibanda vya zamani vilivunjwa, na kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki ukachorwa mpango wa mji mpya. Majumba ya Michenzani yalikuwa sehemu yake iliyo mashuhuri kuliko zote. Watu wa vibanda wakapanda ghorofani, wakapata maji na umeme. Kwa wengi hiyo ilikuwa heshima isiyosahaulika. Walakini nyumba mpya zilikuja na hesabu mpya: nani akaa chumba gani, na kwa ruhusa ya nani. Na Mzanzibari aliyetaka kuvuka kwenda Bara, ijapokuwa nchi ilikwisha kuwa moja, kwa miaka mingi baada ya Muungano alitakiwa kuwa na hati ya safari mkononi.

Hatimaye zikaja kadi za leo. Bunge la Muungano lilipitisha sheria ya kuandikisha na kutambua watu mwaka 1986, lakini utoaji wa vitambulisho vya taifa haukuanza hadi mwaka 2013. Zanzibar kwa upande wake ilikuwa na Sheria ya Uzanzibari ya mwaka 1985, kisha ikatunga sheria ya mwaka 2005 iliyoanzisha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kukipata, mtu alihitaji kujulikana na sheha wa mahali pake. Sheha ni cheo cha kale katika visiwa hivi, kilichopewa umbo jipya katika sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1998. Na neno lake kwamba fulani ni mkaazi, au si mkaazi, likawa na nguvu kubwa. Mwaka 2009, kitambulisho hicho kilipofanywa sharti la kuandikishwa kupiga kura, yalitokea malalamiko makubwa, hasa Pemba, ya watu waliosema kwamba wamenyimwa kadi na kwa hiyo wamenyimwa sauti. Asiyekujua hakuthamini, walisema wahenga. Nao waliolalamika walikuwa wakisema kwamba wanajulikana na majirani wote isipokuwa na karatasi.

Kwa historia ya namna hii, si ajabu mkono wa abiria ukatangulia swali. Kadi imefungamana na kura, na shule, na safari, na mtu aliyezoea kuiona ikifungua milango hudhani kwamba bila yake hata kiti cha gari si halali. Lakini sheria haikusema hivyo. Sheria za barabarani, za Bara na za Zanzibar, humtaka dereva leseni. Abiria humtaja kwa mambo ya kiti chake, nauli yake na usalama wake. Akidaiwa kujitambulisha, wajibu huo hautoki katika gari. Hauna budi kutoka katika sheria nyingine, nayo yaweza kutajwa. Huenda ikawa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1995, kwa mtu anayeshukiwa kuwa mgeni asiye na kibali. Huenda ikawa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kwa mtu anayeshukiwa kutenda kosa.

Na hata hapo, mkondo wa sheria ulioifikia Zanzibar kutoka India zamani za ulinzi wa Waingereza ulikuwa na kiasi. Kanuni ya India ya mwaka 1898 ilimruhusu askari kumkamata mtu kwa kosa dogo alilolitenda mbele yake, endapo mtu huyo atakataa kutaja jina lake na mahali anapokaa, au atadanganya. Jina na makaazi husemwa kwa ulimi. Katiba ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 zote zimeandika kwamba mtu ana uhuru wa kwenda atakako, na kwamba hatakamatwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Maneno hayo hayakumtoa mtu aliyeketi katika gari la abiria.

Mtu aweza kujibu kwamba askari ana kazi ngumu, na kwamba mwizi na mlanguzi nao hupanda magari kama watu wengine. Hoja hii si ya kudharauliwa. Zaidi ya hayo, biashara ya watu haikufa pamoja na majahazi. Bunge lilitunga sheria ya kuipinga mwaka 2008, kwa kuwa wasichana na watoto wangali wakichukuliwa kutoka vijijini kwa ahadi za kazi wasizozielewa. Askari anayemwona mtoto katika gari pamoja na mtu asiyemjua vizuri, akauliza, "Huyu ni nani wako, na mnakwenda wapi?" amefanya jambo jema. Lakini yafaa kuangalia kwamba swali hilo ni lilelile la bandarini la mwaka 1890: lamwelekea anayechukua, kwa ajili ya anayechukuliwa, na sababu yake yaonekana kwa macho. Halifanani na lile la kumtaka kadi kila aliyeketi, kwa desturi tu, na kumteremsha asiyekuwa nayo.

Asiyekuwa nayo mara nyingi si mhalifu. Ni mama aliyeacha kadi katika kanga nyingine, ni mzee wa shamba ambaye sheha wake wa zamani amekufa, ni kijana aliyetimiza miaka 18 mwezi uliopita. Kumteremsha mmoja wao njiani ni kumrudisha katika sharti la mwaka 1897, lililomtaka mtu huru athibitishe kwanza kwamba ana kwao. Askari aliye na sababu aitaje, na abiria aliyeulizwa kwa sababu ataje jina lake na mtaa wake kwa adabu. Wakishafanya hivyo kila mmoja, gari laweza kuondoka Michenzani na watu wote waliokuwamo.